Reli na wasanii

Tangu karne ya 19 wenye reli wamewalipa wachoraji na wapiga picha ili nchi zinazopitiwa na treni zao zitamanike kwa wasafiri.

Jambo hili lilishamiri zaidi Marekani. Mwaka 1892 kampuni ya reli ya Santa Fe ilimgharimia mchoraji Thomas Moran safari ya Grand Canyon, nayo ikapata haki ya kuchapisha mchoro wake kwa rangi na kuusambaza. Wachoraji wengine walipewa tiketi na malazi, wakalipa kwa michoro. Kuanzia 1907 Santa Fe ilitoa kalenda za kila mwaka zilizopambwa kwa kazi hizo, na wachoraji wa mji wa Taos walipata riziki humo. Kampuni ya Great Northern nayo ilimtumia Winold Reiss kuchora sura za Wablackfeet, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani. Michoro yake ni mizuri na ina heshima, lakini ilivutia watalii kwenye hifadhi ya Glacier, iliyotengwa mwaka 1910, ambayo sehemu yake ilikuwa ardhi ya watu haohao.

Afrika Mashariki ufadhili huo ulikuwa finyu. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901, ilikuwa mali ya serikali ya Uingereza, si ya kampuni. Mpiga picha wake, William D. Young, alipiga picha za madaraja, makambi na vibarua kazini. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 walikufa. Picha zinazowaonyesha zina thamani zaidi kuliko tangazo lolote. Hata hivyo kilichopata umaarufu ni bango la mwaka 1908, lenye treni katikati ya wanyama pori, lililowaita matajiri wa Ulaya waje nyanda za juu kukimbia baridi ya kwao na kuwinda. Wenyeji wa nyanda hizo hawakuwa miongoni mwa walioalikwa.

Kuna pwani ambayo hata picha hizo za reli haziionyeshi. Kismayo na visiwa vya Wabajuni, Chovai kikiwemo, vilikuwa chini ya utawala huohuo wa Uingereza hadi eneo lao, Jubaland, lilipokabidhiwa Italia mwaka 1925. Njia ya reli haikufika huko. Watu na bidhaa walisafiri kwa jahazi na mashua. Anayetafuta taswira za Wabajuni wa enzi hiyo asizitafute katika hazina za reli.