Meneja wa bidhaa na meneja wa mradi
Meneja wa bidhaa na meneja wa mradi ni vyeo viwili tofauti katika kazi za kidijitali, kama vile utengenezaji wa programu za simu na tovuti. Mara nyingi huchanganywa kwa sababu wote wawili husimamia kazi ya mafundi wale wale.

Meneja wa bidhaa huamua kitengenezwe nini na kwa nini. Huchunguza mahitaji ya watumiaji, huchagua kipi kitangulie, na huendelea kuitunza bidhaa maadamu inatumika.

Meneja wa mradi huangalia kazi itafanyikaje na itakwisha lini. Hupanga ratiba, bajeti na mgawanyo wa kazi. Mradi una mwanzo na mwisho; ukishakabidhiwa, kazi yake imekwisha.

== Mfano ==
Majaribio ya M-Pesa nchini Kenya yalianza mwaka 2005 ili wakopaji warejeshe mikopo midogo kwa simu. Ikaonekana kwamba watu waliitumia pia kutumiana pesa. Safaricom ilipoizindua huduma hiyo Machi 2007, kutuma pesa ndiko kulikotangulizwa. Uamuzi wa namna hiyo ni wa bidhaa. Kuandaa mitambo na mawakala kabla ya siku ya uzinduzi ni kazi ya mradi.

Kama lengo la kwanza lingeshikiliwa, mradi ungeweza kukamilika kwa wakati na bado bidhaa ikakosa watumiaji wengi. Katika kampuni ndogo mtu mmoja huweza kushika vyeo vyote viwili, lakini maswali hubaki mawili.