Keswick yatimiza miaka 150: kongamano la mapumziko lililowalea walokole wetu

Mwaka 2025 kongamano la Keswick lilitimiza miaka 150. Huku kwetu wengi hawalijui hata kwa jina, ingawa kila aliyewahi kuimba Tukutendereza, wimbo wa walokole wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ana deni lake huko. Keswick ni mji mdogo kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kando ya ziwa Derwentwater, chini ya mlima Skiddaw. Kila Julai, majira ya joto yanapoingia Ulaya, Wakristo huacha shughuli zao na kwenda huko kutulia mbele za Mungu. Asubuhi husoma Biblia pamoja, jioni hukusanyika tena kusikiliza na kuomba. Mchana, kwa desturi ya tangu zamani, mtu huachwa atembee milimani au akae ufukweni na nafsi yake.

Majira hayo huitwa ya joto, lakini mvua haina adabu na mtu. Kijiji cha Seathwaite, mwendo mfupi tu kusini mwa mji huo, hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, na huhesabiwa kuwa mahali penye mvua nyingi kuliko pote panapokaa watu katika England. Vizazi kadhaa vimelisikia Neno pale huku matone yakipiga turubai la hema juu ya vichwa vyao.

Aliyelianzisha kongamano hilo ni Kasisi Thomas Harford-Battersby wa kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Yohana. John Pollock, ambaye kitabu chake cha mwaka 1964 ndicho nilichokifuata zaidi, anamwonyesha kuwa mchungaji mwaminifu, mwenye bidii, aliyechoka rohoni. Mwaka 1874, majira ya joto yakielekea ukingoni, alikwenda kwenye mkutano wa maombi Oxford, akamsikia Evan Hopkins akifundisha habari za yule diwani wa Kapernaumu katika Yohana 4. Diwani alisafiri kumtafuta Yesu kwa sababu mwanawe alikuwa mahututi. Kisha akaambiwa aende zake, mwanawe yu hai. Naye akaondoka bila dawa, bila ishara, ameshika neno tu. Hopkins alisema kuna imani inayotafuta, na kuna imani inayopumzika. Kasisi wetu akatambua kwamba miaka yote alikuwa akitafuta.

Rafiki yake Robert Wilson alikuwa pamoja naye. Wilson alikuwa Mquaker, mtu wa Kanisa la Marafiki, ambao tangu zamani huabudu kwa kukaa kimya hadi Roho amwinue mmoja wao aseme. Wawili hawa wakakubaliana kuwaita watu Keswick, mwisho wa Juni 1875.

Hapo ndipo kishindo kilipotokea. Msemaji mkuu alitakiwa kuwa Robert Pearsall Smith, mfanyabiashara wa vioo kutoka Philadelphia, Marekani, ambaye mahubiri yake yalikuwa yametikisa Uingereza. Wiki chache tu kabla, Brighton, maelfu walikuwa wamejaa kumsikiliza yeye na mkewe Hannah. Mara baada ya Brighton uvumi ukaanza kuhusu mazungumzo yake ya faragha na msichana mmoja. Viongozi waliomwalika walichunguza, wakamwondoa jukwaani. Baadaye walieleza hadharani kwamba faraghani alikuwa akifundisha mambo ya hatari yasiyo ya Maandiko, na kwamba mwenendo wake, ingawa hawakuona nia mbaya ndani yake, uliwalazimu kumsimamisha. Akarudi Marekani akiwa amevunjika moyo, asisimame tena kama zamani.

Mfikirie Harford-Battersby siku hizo. Matangazo yameshatoka na jina la Smith limo. Hema limeagizwa lisimamishwe katika uwanja wa nyumba yake, na wageni wamefunga mizigo. Zikiwa zimebaki siku chache, anapata habari kwamba mgeni wake mkuu hatakuja, na sababu zinanong'onwa kila mahali. Mtu mwingine angeahirisha kwa aibu. Yeye na Wilson waliendelea, na Kasisi Hanmer Webb-Peploe akabeba sehemu kubwa ya mahubiri yaliyoachwa wazi. Walikuja watu mia chache tu. Nikiutazama uamuzi ule, naona kwamba somo la diwani lilikuwa limemwingia kweli.

Lawama hazikukoma. J. C. Ryle, baadaye askofu wa Liverpool, aliandika kitabu kizima kuhusu utakatifu akisisitiza kwamba maisha ya Mkristo ni vita hadi mwisho, na akaonya juu ya mafundisho yanayofanya utakatifu uonekane unapatikana kwa kukaa tu. Hoja yake ilikuwa na uzito, na Keswick wenyewe walijifunza kusema kwa uangalifu zaidi.

Baada ya hapo mia wakawa maelfu. Mwaka 1893 Amy Carmichael, ambaye Wilson alimlea kama binti yake, aliondoka kwenda Japani, kisha akahamia India alikotumika hadi kufa. Na kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, ambako mafundisho ya Keswick yalikuwa yameota mizizi, wakatoka vijana waliotumika katika misheni ya Rwanda.

Mmoja wao alikuwa Dk. Joe Church. Mwaka 1929, amedhoofika baada ya njaa kali iliyopiga eneo la Gahini nchini Rwanda, alikwenda Kampala kupumzika. Pale, kwenye kilima cha Namirembe, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na kiu ya kiroho kama yake. Church anasimulia katika kumbukumbu zake kwamba walikaa siku mbili, Biblia mikononi, wakifuatilia habari za Roho Mtakatifu. Uamsho wa Afrika Mashariki huhesabiwa na wengi tangu siku hizo. Mwaka 1935, katika kongamano la Kabale, Uganda, timu ya Gahini, akiwamo Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, ilifundisha siku kwa siku kama Keswick: dhambi, toba, kuzaliwa upya, maisha ya ushindi. Moto ukavuka hadi Kenya na Tanganyika.

Keswick ya leo huchukua wiki tatu, na makao yake yamehamia kwenye eneo la kiwanda cha zamani cha penseli. Mchana bado wanaonekana watu njiani na viatu vya milimani, Biblia ndani ya mkoba.

Sisi tuliorithi tumeshika toba, ushuhuda na wimbo, na ni haki kujivunia. Mapumziko tumeyaacha. Ratiba za makongamano yetu ya Agosti na Desemba hujaa tangu alfajiri hadi usiku wa manane, spika hazizimwi, na mama aliyetoka shambani au muuguzi aliyetoka zamu hurudi nyumbani amechoka kuliko alivyokwenda. Waandaaji wa mwaka huu bado wana nafasi: waache mchana mmoja mtupu, bila semina na bila kipaza sauti, watu wakae chini ya miti na Bwana wao.