Mbagala Market na Dyskobolia

Mbagala ya leo, huku Dar es Salaam, si maskini wa mpira. Azam, mabingwa wa Tanzania Bara wa 2014, wana uwanja wao jirani, pale Chamazi. Ila timu iliyokuwa ikiitwa kwa jina la Mbagala haipo. Mbagala Market ilinunuliwa, ikabandikwa jina la African Lyon, na msimu wa 2009/10 ikaonekana Ligi Kuu kwa sura hiyo mpya. Ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. 2018/19 ikamaliza mkiani.

Poland wana kisa kinachofanana nacho. Grodzisk Wielkopolski ni mji mdogo, lakini Novemba 2003 timu yake, Dyskobolia, iliitoa Manchester City kwenye Kombe la UEFA: sare ya 1-1 Uingereza, 0-0 nyumbani, bao la ugenini likaamua. Nyuma yake alikuwepo tajiri wa kiwanda cha viti vya magari. Mwaka 2008 nafasi ya ligi kuu ikauzwa kwa Polonia ya Warszawa. Walioinunua nao hawakudumu nayo: 2013 Polonia ilinyimwa leseni, ikaanza upya madaraja ya chini.

Kwangu mimi, Mbagala ndiyo iliyoumia zaidi. Grodzisk walipoteza daraja wakabaki na jina, na jina hilo likarudi viwanjani, hata kama ni ligi za chini. Mbagala ilinyang'anywa jina kwanza. Mtoto wa Mbagala Rangi Tatu angeishangilia vipi Lyon kama timu ya kwao, wakati hata mji unaoitwa hivyo hajawahi kuusikia?

Kubadili jina peke yake hakuui timu. Sunderland iligeuka Simba mwaka 1971 na hakuna aliyeomboleza, kwa kuwa wanachama walikuwa walewale na makao ya Msimbazi ni yaleyale. Pan African nao, waliojitenga na Yanga mwaka 1976, waliondoka bila jina wala makombe, wakachukua ubingwa 1982. Waliondoka na watu. Mbagala Market ilipouzwa, shabiki wa kawaida hakuwa na kadi ya uanachama ya kumpa haki ya kusimama mkutanoni akauliza: mnauza kwa idhini ya nani?

Ndiyo maana nikienda kutazama ndondo huku Temeke, macho yangu huanza kwa katibu wa timu kabla ya washambuliaji. Jioni moja nilimkuta amekaa kwenye tofali kando ya goli, vumbi la chokaa limemganda viatuni, daftari la kaunta mapajani. Ndani kuna majina, na mbele ya kila jina kiasi alichotoa: 1,000, 500, mwingine 2,000 na alama ya deni. Juu ya jalada wameandika kwa maka peni jina la timu, na chini yake, kwa herufi kubwa zaidi, jina la mtaa.