Kwaya ya Injili ya Pilgrim, Chicago

Mapema mwaka 1932 kwaya mpya ya Kanisa la Baptist la Ebenezer ilialikwa kuimba katika kanisa la Pilgrim, upande wa kusini wa Chicago. Mchungaji wa Pilgrim, Junius C. Austin, alipoona nyimbo zile zilivyowashika waumini wake, alimtaka mpiga piano wa wageni aje amwundie kwaya ya namna ile ile. Mpiga piano huyo, Thomas Andrew Dorsey, alikubali. Akakaa Pilgrim zaidi ya miaka 40.

Tangu siku za Vita Kuu ya Kwanza, Wamarekani weusi walikuwa wakihama Kusini kwa maelfu, wakikimbia ubaguzi na kufuata kazi za machinjioni na viwandani. Walifika Chicago na uimbaji wao: wa kupiga makofi, wa miguu inayogonga sakafu, wa mmoja kutangulia na wengine kuitikia. Lakini makanisa makubwa ya mjini yalikuwa na kwaya zilizosoma noti na kuimba Handel na Mendelssohn. Mgeni wa kutoka Alabama alikaa kitini akasikiliza, midomo imefungwa, ndani ya nyumba ya Mungu wake mwenyewe. Mchungaji J. H. L. Smith wa Ebenezer naye alikuwa mtu wa Kusini na alitamani uimbaji wa nyumbani, ndiyo maana mwishoni mwa 1931 aliwakabidhi Theodore Frye na Dorsey kazi ya kuunda kwaya hiyo mpya. Frye alisimama mbele, Dorsey akakaa kwenye piano.

Dorsey alizaliwa mwaka 1899 huko Villa Rica, Georgia. Baba yake alikuwa mhubiri na mama yake mpiga kinanda kanisani. Hata hivyo riziki yake aliipata kwanza katika muziki wa bluzi, akijulikana kama Georgia Tom. Aliiongoza bendi ya Ma Rainey, na mwaka 1928 yeye na Tampa Red walitoa santuri iliyovuma sana, yenye maneno ambayo hakuna mzee wa kanisa angeyarudia mbele ya watu. Alipoanza kuzunguka na nyimbo zake za injili, wachungaji wengi walimfungia mlango, wakisema anaingiza kilabu kanisani. Naona walimkosea. Dorsey alijua kwamba mtu aliyefukuzwa kazi Jumamosi haachi huzuni yake mlangoni Jumapili, na bluzi ilikuwa imemfundisha namna ya kuipa huzuni hiyo sauti. Akaigeuza kuwa sala.

Karatasi za nyimbo alizochapisha zilikuwa na mifupa tu ya wimbo. Nyama ilitiwa na mwimbaji. Anayeongoza hurefusha neno apendavyo, hulivunja, hulirudia, na kwaya nyuma yake inapaswa kumngoja na kumjibu bila kupoteza mapigo. Aliyewahi kufundisha kwaya anajua jinsi hilo lilivyo gumu: watu waliozoea kushika noti moja moja wajifunze kumwangalia mwenzao usoni na kumsikia anapovuta pumzi. Dorsey alilifundisha kwa sikio, kwa watu ambao wengi wao hawakusoma noti. Sallie Martin, aliyejiunga naye mwaka huo huo wa 1932, alikuwa mmoja wao. Ni yeye aliyeziweka sawa hesabu za mauzo ya karatasi zile na kwenda nazo mji hadi mji, akisaidia kuanzisha kwaya makanisani.

Agosti 1932 Dorsey alikuwa St. Louis akiimba kwenye mikutano ya injili alipoletewa simu ya maandishi. Mkewe Nettie amefariki katika uzazi. Alirudi Chicago akakuta mtoto yu hai, wa kiume, lakini hakuishi hata siku mbili. Walizikwa katika jeneza moja. Dorsey alitaka kuachana na nyimbo za injili kabisa. Siku chache baadaye, Frye akiwa karibu naye, alikaa kwenye piano, vidole vikatafuta tuni ya zamani iitwayo Maitland, na juu yake akaweka maneno ya mtu aliyechoka anayeomba ashikwe mkono. Huo ndio wimbo “Take My Hand, Precious Lord”. Frye aliuimba Ebenezer, Dorsey akipiga piano. Aprili 1968 Mahalia Jackson, aliyewahi kuzunguka na Dorsey akiziimba nyimbo zake, aliuimba kwenye mazishi ya Martin Luther King.

Mwaka 1933 Dorsey na wenzake waliitisha Chicago mkutano wa kwanza wa chama cha kitaifa cha kwaya za injili, ambacho alikiongoza kwa miongo mingi. Pilgrim kwenyewe, katika kwaya ya watoto, aliimba kijana James Cleveland, ambaye baadaye naye alikuwa mwalimu mkubwa wa kwaya.

Jengo lenyewe lilistahili sauti hizo. Lilijengwa mwaka 1890 na 1891 kuwa sinagogi, kwa michoro ya Louis Sullivan na Dankmar Adler. Adler alikuwa bingwa wa kupima jinsi sauti inavyosafiri ukumbini, na baba yake aliwahi kuwa rabi wa jumuiya ya Wayahudi iliyolijenga. Nyumba iliyojengwa ili neno la rabi lifike nyuma ikawa, tangu miaka ya 1920, nyumba ya Wabaptisti weusi.

Dorsey alifariki Januari 1993. Tarehe 6 Januari 2006, siku ya Ijumaa, mafundi wakiwa wanatengeneza paa, moto ulishika. Paa lilianguka, na kumbukumbu za kanisa, zikiwamo karatasi za nyimbo za Dorsey, zikateketea pamoja na viti na kinanda. Zilibaki kuta za mawe tu. Waumini walihamia jengo la ng’ambo ya barabara, na huko ibada ikaendelea.