Jina la Viktoria na Mkazo wa Maneno Marefu ya Kiingereza

Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alilitazama ziwa letu kutoka kilimani karibu na Mwanza, akaliita kwa jina la malkia wake. Jina la Nyanza, alilolisikia kwa wenyeji, halimtaabishi mtu: silabi zake ni mbili, na mkazo u juu ya ile ya kwanza. Jina la malkia sivyo. Mwingereza hukaza -to-. Msemaji wa Kiswahili, afuataye desturi ya kukaza silabi iliyo kabla ya mwisho, hukaza -ri-.

Waingereza walipoitwaa Mwanza kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, lugha yao iliingia madarasani. Reli nayo ikafika mwaka 1928. Neno la reli hiyo, "station", Waingereza hulikaza mwanzoni, bali sisi twasema ste-she-ni, tukikaza -she-. Hapo hapana kosa. Neno limekwisha kuwa mwenyeji, nalo lafuata sheria ya nyumba.

Lakini mwanafunzi achukuapo sheria hiyo kwenda nayo ugenini, hupotea. Katika Kiswahili kila silabi hupewa haki yake. Katika Kiingereza silabi isiyokazwa hufifia, na sikio la Mwingereza hutafuta kwanza ile iliyokazwa. Likiikosa, pengine halitambui neno lote. Hivyo mtu ajuaye neno, na maana yake, na maandishi yake, aweza kudhaniwa hajui kitu.

Basi yafaa mwalimu awazoeze wanafunzi kukata neno, kisha kutazama mwisho wake. Maneno yenye mwisho wa -tion, na mengi yenye -ic, hukazwa silabi iliyotangulia mwisho huo: e-du-ca-tion hukazwa -ca-. Hapo Kiswahili na Kiingereza hupatana. Lakini yenye -ity hukazwa ya tatu kutoka mwisho: e-lec-tric-i-ty hukazwa -tric-. Ndivyo lilivyo hata jina la Vic-to-ri-a. Tena neno likirefushwa, mkazo waweza kuhama: pho-to-graph hukazwa pho-, bali pho-tog-ra-phy hukazwa -tog-.

Kwa hiyo mwalimu asimkemee mtoto asemaye stesheni, wala asimwache aseme "electricity" kwa mkazo wa Kiswahili. Ziwa ni moja, na jina lake lina mikazo miwili. Kila mmoja ni halali penye lugha yake.