Pambo Lilitangulia Cherehani

Atakaye kujua asili ya nakshi ya cherehani huku bara aanzie mahali kama Ihanja, ambako kushona kulitangulia pamba. Katika nchi hii ya Wanyaturu, iliyo leo ndani ya wilaya ya Ikungi mkoani Singida, vazi la zamani lilikuwa ngozi ya mbuzi, ndama au ng'ombe. Ilikwanguliwa, ikasuguliwa kwa mafuta mpaka ikalainika, kisha ikaunganishwa kwa uzi wa kano, na ngozi za wanawake zikatiwa shanga. Shanga zilitoka ng'ambo, lakini mpangilio wake ulikuwa wa aliyezishona. Nguo za merikani na kaniki zilifika nchi ya kati kwa misafara iliyopita Kilimatinde kuelekea Tabora, na baada ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mzigo wa nguo ukaweza kushushwa Manyoni. Cherehani ikafuata njia hizohizo. Basi nasema hivi: mashine hiyo haikuja na pambo. Iliwakuta watu wenye jicho la pambo, nayo yenyewe ilikuwa haijui kupamba.

Ushahidi umo ndani ya mashine. Singer ya kukanyaga, na Butterfly ya Kichina iliyoifuata vijijini, zilishona mstari mmoja ulionyooka, basi. Fundi anayetaka ua juu ya shuka hukiondoa kile kiguu kinachobana kitambaa, huyazuia meno ya chini yasisukume, hukaza kitambaa kwenye fremu ya duara, kisha hukanyaga huku mikono ikikizungusha kitambaa chini ya sindano. Sindano hupanda na kushuka palepale. Inayochora ni mikono. Ikichelewa, uzi hujikusanya kifundo. Ikikimbilia mbele, sindano hupinda na kukatika. Umbali wa tundu na tundu hutokana na mapatano ya mguu na kiganja, na mapatano hayo hakuna kiwanda kilichoyauza pamoja na mashine.

Mfarishi unalionyesha jambo hili kwa ukali zaidi, kwa kuwa ni nguo mbili zenye pamba katikati, na cherehani haipendi tabaka tatu. Meno huvuta nguo ya chini ilhali kiguu kinaikandamiza ya juu, hivyo ya juu hubaki nyuma na kufanya makunyanzi. Dawa yake ni kupiga bandi kwa mkono kwanza, kisha kushona kuanzia katikati kwenda pembeni. Humo nakshi si urembo tu: mshono ndio unaoizuia pamba isikimbilie pembe moja. Ukiwa mzito mno, tandiko hukakamaa. Ukiachana sana, pamba huvimba mabonge. Kofia ya viua ya pwani imejengwa kwa akili hiyohiyo, vitambaa viwili vyeupe vilivyoshikwa na mishono mingi mpaka vikasimama vyenyewe. Ukiiondoa nakshi yake, kofia yenyewe hulegea.

Yuko atakayesema kwamba mfarishi si desturi ya Ihanja, na kwamba baridi ya usiku wa Juni katika uwanda wa Singida huzuiwa na blanketi la dukani. Nakubali. Kushona viraka vya mfarishi kuwa sanaa yenye majina na mashindano ni mambo ya Marekani zaidi. Lakini ninachokitetea ni ustadi, na ustadi wa kushika tabaka mbili kwa mshono unaopendeza haukungoja mfarishi. Aliyeunganisha ngozi kwa kano alikuwa tayari anapima umbali wa tundu na tundu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Tangu miaka ya 1950 Singer iliuza mashine zenye visahani vya nakshi, na leo kompyuta hudarizi shingo ya kanzu nzima bila mkono kugusa. Je, hapo si mashine inayopamba? Inarudia, naam, na kwa usahihi ambao binadamu haufikii. Ila kisahani hakijui kama chini yake kuna pamba au kitambaa kitupu; hupiga majani yaleyale hata pale tabaka zinapoteleza, na mtu ndiye anayeona na kusimamisha. Wanunuzi nao wanaijua tofauti hiyo. Zanzibar, kofia ya viua ya mkono, inayochukua wiki nyingi za kazi, bado ina bei kubwa kuliko ya mashine iliyopangwa kando yake.