Spika ya besi nyumbani: Wati nyingi si hoja

MPIGAJI wa gitaa la besi anayejifunzia nyumbani hukabiliwa na swali ambalo halimsumbui sana mwenzake wa gitaa la kawaida: sauti nzito ya ala yake itatolewa na spika gani, na kwa gharama ipi?

Wengi hukimbilia kilicho karibu, yaani wufa ya sebuleni inayotumiwa kwa televisheni na redio. Wengine huamini kwamba besi haisikiki vyema bila spika ya inchi 15 na mamia ya wati. Njia zote mbili huweza kumpotezea mtu pesa.

Chumba cha kawaida hakihitaji nguvu nyingi. Kinachohitajika ni spika iliyoundwa kwa ajili ya gitaa la besi, hata ikiwa ndogo.

Kwa nini besi ni tofauti

Uzi mnene zaidi wa besi ya nyuzi nne, ambao noti yake ni E, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Ule wa gitaa la kawaida hutetema mara 82 hivi. Besi ya nyuzi tano hushuka hadi mara 31.

Kadiri mtetemo unavyokuwa wa polepole, ndivyo koni ya spika inavyolazimika kusogea mbele na nyuma kwa umbali mkubwa zaidi ili kutoa sauti ya kiwango kilekile. Koni isiyokusudiwa kazi hiyo huanza kukwaruza, na hatimaye koili iliyo nyuma yake huweza kuharibika.

Hata hivyo, kila noti huandamana na mitetemo mingine ya juu yake, na ubongo hutumia mitetemo hiyo kuitambua noti ya chini hata pale spika inapoitoa kwa udhaifu. Ndiyo maana spika ya inchi 8 au 10 humtosha mwanafunzi kusikia anachokipiga.

Katika benga, ambako besi haijifichi nyuma bali hujibizana na gitaa la solo, uwazi wa noti una thamani kuliko mngurumo.

Wati ngapi?

Kifaa kinachomfaa anayeanza ni kombo, yaani amplifaya na spika katika sanduku moja. Kombo ya besi ya wati 20 hadi 40 yatosha kwa mazoezi ya chumbani.

Kuongeza wati maradufu huongeza sauti kwa desibeli 3 pekee, tofauti ambayo ni ndogo masikioni. Ili sauti isikike kuwa maradufu, nguvu huhitaji kuongezwa takriban mara 10. Kwa hivyo, anayelipia wati 50 badala ya 25 asitarajie sauti iliyozidi mara mbili.

Historia yathibitisha hayo. Amplifaya ya Ampeg B-15, iliyotolewa mwaka 1960 ikiwa na takriban wati 25, ilipendwa sana katika studio za Marekani.

Tahadhari kuhusu wufa

Muziki uliorekodiwa huwa umesawazishwa ili sauti zake zisipande ghafla. Gitaa la besi likipigwa moja kwa moja halina kizuizi hicho; kidole kikigonga uzi kwa nguvu, spika hupokea pigo la ghafla.

Isitoshe, tundu la wufa limekusudiwa umeme unaotoka kwa simu, redio au televisheni, si ule hafifu wa gitaa. Matokeo huwa sauti dhaifu isiyo na uhai, na mpigaji hushawishika kuongeza sauti hadi spika iungue. Asiye na budi aweke kikuza sauti kidogo cha gitaa kati ya vifaa hivyo viwili na apige kwa sauti ya chini.

Njia ya bei ya chini zaidi ni vipokea-sauti vya masikioni pamoja na kikuza sauti kidogo kinachochomekwa kwenye gitaa. Aidha, anayenunua kombo ahakikishe ina tundu la vipokea-sauti. Sauti ya besi hupenya kuta kwa urahisi, na kanuni za kelele za mwaka 2009 zinazosimamiwa na mamlaka ya mazingira, NEMA, zinaruhusu kiwango cha chini zaidi usiku kuliko mchana katika makazi.

Kukagua kifaa kilichotumika

Vifaa vilivyotumika hupunguza gharama, lakini rahisi ni ghali endapo mnunuzi hatavikagua.

Kwanza, asome maandishi yaliyo nyuma ya kifaa. Umeme wa Kenya ni wa volti 240, ilhali vifaa vingi vilivyotengenezewa soko la Marekani ni vya volti 120. Kikichomekwa bila transfoma, kifaa hicho kitaungua.

Pili, ikiwa koni inafikika, aisukume taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili. Mkwaruzo ni dalili ya koili iliyopinda au kuungua. Pia atazame kama ukingo wa koni umechanika.

Tatu, aende na gitaa lake na kupiga noti ya E ya chini kabisa, kwanza kwa sauti ndogo, kisha kubwa. Mlio wa kutatarika waweza kutokana na spika mbovu au sanduku lililolegea. Vilevile azungushe vitufe vyote. Vikitoa mikwaruzo huenda vinahitaji kusafishwa tu, na hiyo ni hoja ya kuteremshia bei.

Mahali pa kuiweka

Spika ikiwekwa kwenye pembe ya chumba, besi huzidi na noti huchanganyikana. Kuisogeza mbali na kuta na kuiinua juu ya kigoda imara huongeza uwazi bila kugharimu hata shilingi.

Siku mpigaji atakapojiunga na bendi au kwaya yenye ngoma, kombo ndogo itazidiwa na atahitaji kifaa cha mamia ya wati. Hadi wakati huo, pesa zilizosalia zitafaa zaidi zikinunua nyuzi mpya au kumlipa mwalimu.